Uzi: "Itifaki imezingatiwa" – itifaki ni viti vya mbele au ni kupatana?

#1 MhaririKijenge
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja.

Chukua mikutano yote ya wiki moja hapa Arusha, toa chai na sambusa, kitakachobaki ni sentensi moja: "Itifaki imezingatiwa." Kila mtu anaielewa: wakubwa mmeshatajwa, niruhusuni nisirudie majina. Kwa hiyo itifaki ni mpangilio wa nani atajwe kwanza na nani akae wapi.

Sasa toka ukumbini, tembea hatua chache mpaka makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo itifaki ni hati: Itifaki ya Umoja wa Forodha, Itifaki ya Soko la Pamoja. Kitu cha kutiwa saini. Na ukifungua kamusi unakuta maana ya tatu ambayo siku hizi husikii mtu akiisema: masikilizano, mapatano, watu kuwa kitu kimoja.

Dai langu: ya tatu ndiyo maana mama, na hii ya viti vya mbele imepachikwa juzi tu. Mwenye kupinga aje na hoja. Nawasilisha.

#2 ChaliiWaSakina
Itifaki imezingatiwa. Naunga mkono hoja.

#3 MwalimuMajengo
MhaririKijenge uko sahihi kwenye mama, ila kwenye kupachikwa tutagombana baadaye.

Mzizi ni wa Kiarabu, herufi tatu: waw, fa, qaf. Ukoo wake ni huu: wāfaqa (kukubaliana na, kulingana na), muwāfaqa (tendo lenyewe la kukubaliana), muwāfiq (kinachofaa), wifāq (masikilizano), tawfīq (Mungu kumfanikisha mtu, ndiyo jina Taufiki), na ittifāq (kupatana). Hilo la mwisho ndilo itifaki yetu. Muwāfaqa ndiyo mwafaka. Wāfaqa ndiyo wafiki na afiki. Ndugu wa tumbo moja wote hao.

Mtu atauliza, kama mzizi una waw, mbona itifaki haina w? Imemezwa. Kanuni ya kitenzi cha umbo hilo kwa Kiarabu ni kwamba waw ikitangulia t hugeuka t nayo, zinakuwa t mbili. Ni kama Ittihad, jina la timu kadhaa za mpira za Waarabu: maana yake umoja, mzizi wake ni ule wa wāḥid, moja, na waw yake imemezwa vilevile. Kiswahili hakitamki konsonanti pacha za namna hiyo, tukabaki na t moja. Qaf ikawa k kama kawaida: waqt ikawa wakati, ḥaqq ikawa haki.

#4 MamaMbuyuni
Mwalimu, heshima yako. Lakini huku Moshi sokoni tunajua kuafikiana ni kufikiana. Mimi nataka elfu kumi, wewe unatoa sita, tunasogeleana mpaka tunafikiana kwenye nane. Ndiyo maana tunasema "kufikia mwafaka". Neno liko wazi, Kiarabu cha nini hapo?

#5 MhaririKijenge
MamaMbuyuni, shikamoo mama, hiyo ni tamu ila haisimami. Kitenzi cha Kibantu kinaishia na a: fika, pata, elewa. Cha Kiarabu kinaishia na i, e au u: kubali, samehe, jibu, afiki. Kwa hiyo pata ikiongezwa -ana inakuwa patana, a imeungana na a. Afiki ikiongezwa -ana inakuwa afikiana, i imebaki pale pale. Kama asili ingekuwa fika, ile a ya mwanzo katika afiki imetoka wapi? Na "naafiki" bila -ana ungeielezaje? Hapo hakuna aliyefika popote.

#6 MamaMbuyuni
Marahaba. Mbona wateja wanaandika "tumefikiana bei" na tunaelewana?

#7 MwalimuMajengo
Mnaelewana kwa sababu maneno mawili yanafanana sauti na maana zimegusana. Tena "kufikia mwafaka" imesaidia kuyachanganya, maana fikia na afiki zinakaa sentensi moja kila siku. Asili ni Kiarabu, lakini sikio la Mswahili linasikia fika humo ndani, na hilo nalo lina nguvu katika maisha ya neno. Mama usiache kusema.

#8 MCNgarenaro
Mimi naleta nyingine. Itifaki ya ukumbini haijatoka Uarabuni, imetoka kwa Mzungu: "etiquette". Yaani adabu za mezani, nani aanze, nani afuate. Tamka haraka: etiketi, itifiki, itifaki. Maneno mawili tofauti yamekuja kufanana tu. Moja la Kiarabu la mapatano, moja la Kifaransa la adabu.

#9 KiboKaskazini
Mangi, hiyo umeitoa kwenye supu ya Jumapili.

#10 MwalimuMajengo
MCNgarenaro, f imetokea wapi? K ya Kizungu kugeuka f katika Kiswahili sijaiona. Tiketi ni tiketi, haikuwa tifeti.

Na ushahidi mwingine uko kwa Waarabu wenyewe. Leo mambo ya sherehe za kiserikali wanayaita marāsim, au wanatumia lile la Kizungu kwa matamshi yao, brūtūkūl. Mkataba wanauita ittifāq au ittifāqiyya. Hawakalishi wageni kwa ittifāq. Kwa hiyo maana ya viti haikuja na jahazi, imezaliwa hukuhuku kwenye Kiswahili. Hapo nampa MhaririKijenge alama nusu.

#11 DiploNjiro
Niongeze alichoacha mwalimu. Mapachiko yamepitia neno "protokali". Kizungu kina neno moja lenye maana mbili: hati inayoambatana na mkataba, na taratibu za kupokea wakubwa. Asili yake ni Kigiriki, karatasi ya kwanza iliyogundishwa mwanzoni mwa gombo la mafunjo, ikionyesha gombo ni la nini. Kutoka karatasi ya mbele ikawa rasimu, kutoka rasimu ikawa makubaliano ya mabalozi, kisha taratibu za mabalozi.

Watafsiri wetu walihitaji neno la maana ya kwanza, wakachukua itifaki kwa sababu ni makubaliano. Sawa kabisa. Maana ya pili ikaja imebebwa mgongoni, bure, kwa kuwa kwa Kizungu ni neno lilelile. Hivyo viti vya mbele vimeingia kwa mlango wa nyuma.

Na ile ya hati haina utata hata kidogo. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliosainiwa hapa Arusha 30 Novemba 1999, unafafanua protokali kuwa ni makubaliano yoyote yanayoongezea, kurekebisha au kuwekea masharti Mkataba huo. Neno makubaliano limo kwenye fasili. Umoja wa Forodha ulisainiwa Machi 2004 ukaanza kutumika Januari 2005, Soko la Pamoja likasainiwa Novemba 2009 na kuanza Julai 2010. Hata Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, 28 Agosti 2000, ndani yake una itifaki tano. Mji huu umelala na kuamka na itifaki za aina hiyo.

#12 ChaliiWaSakina
Mazee, kumbe tunakaa mji wa mapatano na bado daladala ya Sakina hatupatani nauli.

#13 MCNgarenaro
DiploNjiro nakubali kwa shingo upande. Lakini sauti ya "etiketi" imesaidia. Msomi aliyesoma Kizungu akisikia itifaki anasikia etiketi ikipita kwa mbali, kama mama anavyosikia fika ndani ya afikiana. Mwalimu mwenyewe kakubali sikio lina nguvu (#7). Ukiruhusu ya mama, ruhusu na yangu.

#14 MwalimuMajengo
Umenikamata. Nakuruhusu, ila iandike kwa penseli.

#15 MpigaChapaKaloleni
Nauliza la kazi. Kwenye kuchapa kadi na mihtasari, sahihi ni muafaka au mwafaka? Wateja wanarudisha kazi kila upande.

#16 MhaririKijenge
Kamusi sanifu zinatanguliza mwafaka. Muafaka utaiona sana kwenye magazeti, hasa ya habari za Zanzibar, kwa sababu ile Muafaka ya vyama vya CCM na CUF ya 2001 iliandikwa hivyo ikawa kama jina la pekee. Kwa jina la tukio hilo acha muafaka. Kwa matumizi mengine weka mwafaka, na uwe na msimamo mmoja kazi nzima. Kosa baya kuliko yote ni ukurasa wa kwanza muafaka, wa tatu mwafaka.

#17 PwaniKwetuUSA
(USA ya Usa River, msishtuke.) MhaririKijenge rekebisha: Muafaka wa kwanza ulikuwa 1999. Wa Oktoba 2001 ni wa pili, baada ya vurugu za Januari mwaka huo. Na lililofuata halikuitwa muafaka tena, liliitwa Maridhiano, lile lililozaa kura ya maoni ya 31 Julai 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa. Angalieni neno lilivyobadilishwa kwa makusudi. Muafaka ulikuwa umechakaa mdomoni, ukavunjika mara mbili, wakachukua neno jipya lisilo na kovu.

#18 MhaririKijenge
Sawa, 1999 ni ya kwanza. Asante.

#19 MwalimuMajengo
Kuhusu tahajia nataka kwenda ndani kidogo, maana hapa ndipo Kiswahili kinaonyesha ujanja wake.

Mu- ya muwāfaqa kwa Kiarabu ni sehemu ya umbo la neno, haitenganishwi. Mswahili alipoisikia akadhani ni kiambishi cha ngeli, kama m- ya mti na mw- ya mwaka. Akaigeuza mw-, kisha akatengeneza wingi: miafaka. Mwarabu angeshangaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa muʿallim: tukasikia mw- ya mtu, tukapata mwalimu, walimu, ualimu. Muʿāmala ikawa muamala, miamala, ile ya kwenye simu. Muṣḥaf ikawa msahafu, misahafu. Kwa hiyo mwafaka ni U-/I-: mwafaka umefikiwa, miafaka imevunjika. "Mwafaka imefikiwa" ni kosa, na "mwafaka limefikiwa" ni kosa lenye kelele.

Lakini jihadharini, kuna mwafaka wa pili ambao ni kivumishi: wakati mwafaka, njia mwafaka, majibu mwafaka. Huo haubadiliki. Kivumishi cha Kiarabu hakichukui viambishi, ni kama safi na hodari. Mtu akikuandikia "njia miafaka" mrudishie karatasi. Wa kivumishi maana yake ni kufaa, na kwa maana asili yake ni muwāfiq, si muwāfaqa. Tatizo ni kwamba muwāfiq ilitakiwa itupe mwafiki. Haikutupa. Tuna mwafaka mmoja anayebeba mizigo miwili.

#20 DiploNjiro
Labda kivumishi hakijatoka muwāfiq. Labda ni nomino ileile imetumiwa kama kivumishi: "wakati wa mwafaka" ikapoteza "wa". Kiswahili kinafanya hivyo, tunasema "askari kanzu".

#21 MwalimuMajengo
Inawezekana. Pia kuna umbo la tatu, muwāfaq, kilichokubaliwa, ambalo lingetoa mwafaka bila taabu. Maana yake haikai vizuri, kwa sababu wakati mwafaka si wakati uliokubaliwa bali unaofaa. Niweke zote tatu mezani.

#22 KatibuTarafa
Mmesahau bungeni. Hoja ikitolewa na kuhitaji kuungwa mkono, anayeunga husema "naafiki". Kwenye taarifa rasmi za majadiliano utaona mabanoni: "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa." Kukubali tu ni jambo la mtu na nafsi yake, kuafiki ni kuweka mguu wako kando ya mguu wa mwenzako. Kwa hiyo usiandike kwenye muhtasari "wajumbe walikubali hoja" na "wajumbe waliafiki hoja" kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza linaweza kusomeka kwamba walikiri hoja ni ya kweli. La pili linasema waliipitisha.

Na mkataba wa nchi haukubaliwi wala hauafikiwi, unaridhiwa. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Saini inatangulia, kuridhia kunafuata, kisha hati ya kuridhia inapelekwa kuhifadhiwa. Kwa itifaki za Jumuiya inawekwa kwa Katibu Mkuu. Ukisoma "Tanzania imesaini itifaki" usishangilie mapema.

#23 FundiUmemeUnga
Swali la fundi kutoka Unga Ltd. Hitilafu ya umeme na itifaki vinahusiana? Mwalimu aliwahi kugusia kwenye uzi mwingine akakimbia.

#24 MwalimuMajengo
Sikukimbia, umeme ulikatika.

Ni wapinzani wa jadi. Ikhtilāf ni kutofautiana, ittifāq ni kupatana, na kwa Kiarabu yamejengwa kwa umbo lilelile la kitenzi. Wanazuoni wa fiqhi (sheria ya Kiislamu) wanayatumia kama jozi: jambo hili lina ittifāq, jambo lile lina ikhtilāf. Kwetu ikhtilāf ikawa hitilafu. Zamani ilikuwa ya watu, walihitilafiana, na bado ipo. Siku hizi imehamia kwenye mitambo. Na mpinzani wake itifaki amehamia kwenye viti vya mbele. Wote wawili wameacha nyumba ya watu wakaenda kutafuta kazi mjini.

#25 FundiUmemeUnga
Kwa hiyo transfoma ikilipuka ni nyaya zimekosa itifaki. Nitaandika hivyo kwenye ripoti.

#26 MCNgarenaro
Kwa kuwa mnaidharau itifaki ya ukumbini, niwape kazi yake, maana nayo ni elimu.

Sentensi "itifaki imezingatiwa" hairuhusiwi kwa msemaji wa kwanza. Yeye ndiye wa kuizingatia, anataja kuanzia mkubwa kushuka. Wanaofuata ndio wanaoweza kuegemea kwake. Siku hizi msemaji wa kwanza anasimama na kusema imezingatiwa. Na nani? Lini?

Utambulisho unakwenda kinyume na salamu: unaanza na mdogo, mgeni rasmi anatajwa mwisho. Kuingia vilevile, mkubwa mwisho. Kutoka, mkubwa kwanza, wengine wanabaki wamesimama.

Meza kuu: viti viwe witiri, vitano au saba, ili katikati ipatikane. Wapambaji wanaweka sita kwa sababu meza mbili zilizoungana zinachukua sita, kisha mgeni rasmi na mwenyeji wanagombea ufa wa meza. Cheo cha pili anakaa kulia kwa mgeni rasmi, cha tatu kushoto, unaendelea hivyo. Kulia ni kulia kwa aliyekaa, si kwa anayetazama kutoka ukumbini. Makosa mengi yanatokea hapo, kwa sababu anayebandika vibao vya majina anasimama mbele ya meza. Asimame nyuma ya viti, atapatia.

#27 MhaririKijenge
Hiyo ya kusimama nyuma ya viti naichukua. Lakini ona, kanuni zote hizo zipo ili wakubwa wasigombane. Huoni maana ya kupatana bado imo?

#28 MCNgarenaro
Ndiyo maana nilikuwa naipigania. DiploNjiro anasema imeingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya protokali. Mimi nasema itifaki ya viti ni mapatano juu ya nani atangulie, hakuna tafsiri ya Mzungu iliyohitajika.

#29 DiploNjiro
Ingekuwa hivyo tungeikuta kwenye maneno ya harusi na misiba, ambako kutangulia kunagombewa kuliko popote. Huko watu wanasema utaratibu, taratibu, au "ratiba ya familia". Itifaki iko ofisini tu. Hiyo ni alama ya neno la tafsiri.

#30 KiboKaskazini
Mmezungumza Kiarabu na Kigiriki, hamjauliza mlima unasemaje. Uchagani mapatano yana jani. Sale, wengine isale, wingi masale. Ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Aliyekosa analipeleka jani kwa aliyekosewa, na likishapelekwa kwa utaratibu, kulikataa ni jambo zito. Mmea mmoja unaonyesha mwisho wa shamba langu na mwanzo wa lako, na huohuo unatupatanisha tukivuka. Jaribuni kutafsiri hiyo kwa mwafaka.

#31 MonduliJuu
Na Kimaasai kina osotua. Maana ya kwanza ni kitovu, ule uzi wa mtoto na mama. Maana ya pili ni amani na fungamano. Agano Jipya la Kimaasai linaitwa Osotua Ng'ejuk. Watu wenye osotua wanaombana wakati wa shida na kupeana kwa kadiri ya uwezo, na haliandikwi kuwa deni. Deni lina neno lake, esile, na halichanganywi na osotua. Ukimlipa mwenzako wa osotua kama unavyolipa duka, umeligeuza kuwa jambo jingine.

#32 MwalimuMajengo
MonduliJuu umenifikisha nilikotaka. Kiswahili kimefanya kinyume. Uwiano, neno tunalotumia kwa vitu kulingana, linatoka wiana, na wia ni kumdai mtu. Anayewia ni mdai, anayewiwa ni mdaiwa. Kuwiana basi ni kudaiana mpaka pande zilingane, kama mizani. Kwa Mmaasai deni linaharibu fungamano, kwa Mswahili kudaiana ndiko kunakolinganisha.

#33 PwaniKwetuUSA
Polepole mwalimu. Kuna wia nyingine, ile ya "niwie radhi". Hiyo ni kuwa, iliyoongezwa -ia: uwe radhi kwangu. Uwiano unaweza kutoka humo, kuwa-kwa-mwenzio, bila deni lolote. Umechagua ya deni kwa sababu inapendeza karibu na esile.

#34 MwalimuMajengo
Inapendeza kweli. Siwezi kuikataa yako.

#35 MwanakwayaPasua
Na sisi wa muziki? Tunasema "hamoni" kwa kukosa neno. Wengine wanaandika ulinganifu wa sauti, wengine upatanifu.

Ulinganifu unapotosha. Sauti zikilingana zote zinaimba noti moja, na hiyo si hamoni, ni umoja wa sauti. Hamoni inataka ziwe tofauti na zisigombane. Kwa d, m, s (do, mi, so) na kwaya ya sauti nne, noti moja lazima irudiwe na sauti mbili. Irudiwe d. Ukirudia m, kodi (noti hizo zikilia pamoja) inawasha sikio, inakuwa kali bila sababu. Ukiikosa m kabisa inabaki pango tupu, hujui ni wimbo wa furaha au wa huzuni. Kosa la kwaya nyingi ni teno kufuata besi noti kwa noti kwa juu. Masikioni inasikika nene, lakini umebaki na sauti tatu zenye watu wa sauti nne. Neno linalofaa kwa hayo ni kupatana: kila mmoja amepata pake.

#36 MamaMbuyuni
"Kila mmoja amepata." Mnaona? Hata patana ni ya sokoni. Muuzaji kapata, mnunuzi kapata.

#37 MhaririKijenge
Hapo mama umepiga palepale, na safari hii sarufi iko upande wako. Pata + ana, kila mmoja ampate mwenzake. Kibantu kitupu.

#38 WakiliMnaraWaSaa
Niwatahadharishe wanaochanganya suluhu, upatanishi na mwafaka kwenye nyaraka, maana kila moja lina mlango wake.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi, ina hatua mbili tofauti kwa jina lake. Mlalamikaji anajaza fomu namba 1 ndani ya siku 30 kama ni kuachishwa kazi isivyo halali, au siku 60 kwa madai mengine. Msuluhishi ana siku 30 za kuwakutanisha. Pande zote zikifika, hana mamlaka ya kusema nani kashinda. Wakishindwa, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na yeye ndiye anayetoa tuzo, yaani uamuzi wa shauri. Watu wanakwenda kwa msuluhishi na vielelezo vya kesi nzima wakitaka hukumu, kisha wanakasirika kwamba hakuamua.

Kwenye ndoa, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalum. Baraza linathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Barua inayosema tu "hawakufika" au "tumewasikiliza" haitoshi, iseme wazi kwamba usuluhishi umeshindikana.

Suluhu yenyewe ni ṣulḥ ya Kiarabu, ndugu yake ni maslahi. Kwa hiyo suluhu inamaliza ugomvi uliokwishatokea. Mwafaka unaweza kufikiwa na watu ambao hawajawahi kugombana. Usimwandikie mteja "tumefikia suluhu" kwenye mkataba wa kupanga nyumba, utaonekana mlianza kwa ngumi.

#39 ChaliiWaSakina
Na kwenye mpira suluhu ni bila bila, ikiwa moja moja ni sare. Kwa hiyo suluhu ya wakili hakuna aliyefunga.

#40 WakiliMnaraWaSaa
Nalipwa hata kwa bila bila.

#41 MpigaChapaKaloleni
Mwalimu, umesema wafiki na afiki. Ipi ya kweli, na w ya wafiki ilipotelea wapi? Kwenye itifaki umesema imemezwa na t. Kwenye afiki hakuna t.

#42 MwalimuMajengo
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Zote mbili ni sahihi, afiki imeshinda kwa matumizi. Njia ya kwanza: w ya mwanzo ilidhaniwa ni ya kiambishi. "Wawafiki" inachosha ulimi, sikio likasikia wa- mbili zinazofuatana, likatupa moja, ikabaki waafiki. Ukishakuwa na waafiki, mzizi unaonekana ni afiki. Njia ya pili: neno lililoingia kwa nguvu ni nomino, muwāfaqa. Mu na wa zikabanana zikawa mwa. Mtu akavua mw- aliyoidhani ngeli, akabaki na -afaka, kisha kitenzi afiki kikaegemea hapo.

#43 DiploNjiro
Ya pili ina tatizo. Ukivua mw- unapata afaka, si afiki. Hiyo i lazima itoke kwenye kitenzi cha Kiarabu moja kwa moja.

#44 MwalimuMajengo
Na ya kwanza ina tatizo pia. Wasili na wasilisha nazo zina w, na "wawasili" tunaitamka bila kutupa kitu.

#45 PwaniKwetuUSA
Basi zimefungana. Sare au suluhu, chalii?

#46 ChaliiWaSakina
Kila upande kafungwa goli. Sare.

#47 MpigaChapaKaloleni
Mimi kadi inaingia mashineni saa kumi. Naweka mwafaka kwa mw-, itifaki kwa t moja, viti saba. Asanteni.